Kiongozi cha Msumeno Kilichokataa Kunyooka

Katika karakana moja ya useremala pembezoni mwa mji wa Nakuru, mwanagenzi mmoja aliupima kwa futi kamba ubao wa saipresi uliokwisha kupasuliwa. Mwanzo wa ubao ulikuwa na upana wa milimita 150. Mwisho wake ulikuwa na 152. Kijana aliupeleka kwa bwana wake bila ya kusema neno, na bwana wake akaugeuza ubavu akaona mstari mweusi wa kuungua uliotambaa tangu katikati mpaka mwisho, kana kwamba mtu alikuwa amepitisha pasi ya makaa. Huo ulikuwa ubao wa kumi na moja kuharibika katika muda wa siku mbili.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Nyumba moja ya wageni ilikuwa imeagiza vitanda 12 vya ghorofa, na kila kitanda kilihitaji mbavu nne ndefu zenye upana ulio sawa, jumla mbavu 48. Arubuni ilikwisha kupokewa na kugeuzwa kuwa mbao. Tena mbao wakati huo zilikuwa adimu, kwa maana mnamo Februari mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na viwanda vya kupasulia mbao vya Elburgon, ambavyo mafundi wengi wa Nakuru walivitegemea, vilipungukiwa na magogo. Ubao ulioharibika haukuweza kurudishwa wala kubadilishwa.

Mkewe fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika daftari la mapato na matumizi ya karakana, alizihesabu mbao zilizotupwa pembeni, akafunga daftari.

"Baba Watoto," alisema, "hizi zilikuwa za arubuni ya mteja. Zitakazofuata ni za karo ya shule."

Fundi hakujibu. Aliinua nyundo ya mti akakigonga kile chuma kilicho pembeni ya msumeno, kama alivyokuwa amekigonga mara nyingi tangu siku iliyotangulia.

Kwa msomaji asiyewahi kuingia karakanani, msumeno wa meza ni sahani ya chuma yenye meno, inayochomoza juu ya meza kupitia upenyo mwembamba na kuzungushwa na mota iliyofichwa chini. Fundi hausogezi msumeno, husogeza ubao. Na kwa kuwa mkono wa binadamu hauwezi kusukuma ubao wa mita mbili kwa mstari ulionyooka, pembeni ya sahani huwekwa mhimili ambao ubao huuegemea ukienda mbele. Mafundi huuita mhimili huo kwa majina mengi, na baadhi ya majina hayo, hasa yale yanayotamkwa siku unapokataa kukaa sawa, hayafai kuchapwa gazetini. Katika ukurasa huu utaitwa kiongozi. Ni chombo kisicho na mota, wala umeme, wala meno. Hata hivyo, ndicho kinachoamua kama ubao utatoka ulivyotakiwa, na mara nyingine ndicho kinachoamua kama vidole vya fundi vitarudi nyumbani vyote.

Msumeno wa karakana hiyo ulikuwa wa zamani, wenye meza nzito ya chuma, ulionunuliwa ukiwa umekwisha kutumika. Juu ya meza ilichimbwa mifereji miwili iliyonyooka, mmoja kila upande wa sahani, ambamo huteleza kile kifaa cha kukatia mbao kwa upande. Kiongozi chake kilikuwa cha aina ya kale: kilitambaa juu ya reli mbili, moja ukingo wa mbele wa meza na nyingine ukingo wa nyuma, na wenzo mmoja ulipokandamizwa ulikibana mbele na wakati huohuo ukavuta kulabu ikibane nyuma. Juma moja kabla ya mkasa huu beringi za msumeno zilikuwa zimekwisha, ikabidi meza ifunguliwe na kuinuliwa ili mpya zitiwe. Msumeno uliporudishwa ulizunguka kimya kama saa ya ukutani. Ndipo mbao zilipoanza kuungua.

Ni desturi ya mafundi wengi, ubao ukiungua, kulaumu meno. Kwa hiyo sahani ilitolewa, ikapelekwa kunolewa, ikarudishwa. Mbao zikaendelea kuungua. Zikafuata lawama za ubichi wa mbao. Zikafuata lawama za mwanagenzi, kwamba anasukuma kwa woga, na ubao unaochelewa mbele ya meno huungua kweli. Alipoona hayo yote hayakufaa, fundi alikigeukia kiongozi, na hapo alifanya jambo lililo sahihi kabisa kwa jinsi alivyofundishwa: alikisogeza mpaka ukingo wa mfereji, akapitisha kidole mbele na nyuma, akahakikisha kwamba kiongozi na mfereji vimelingana. Vililingana. Akapasua ubao mwingine. Ukaungua.

Kidole hakikuwa kimesema uongo. Kilisema kwamba kiongozi kimelingana na mfereji, na ilikuwa kweli. Jambo ambalo hakuna aliyeliuliza ni kama mfereji wenyewe ulikuwa bado umelingana na sahani ya msumeno baada ya meza kuinuliwa na kurudishwa. Meza ilikuwa imekaa upande kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na kiongozi, kama mtumishi mwaminifu, kiliifuata meza badala ya kuufuata msumeno. Matokeo yake ni kwamba njia iliyo baina ya kiongozi na sahani ilikuwa pana mbele na finyu nyuma. Ubao uliingia kwa raha, ukafika nyuma ukabanwa, ukasugua chuma kinachozunguka, ukaungua.

Fundi, asiyejua hayo, alitumia nyundo. Alikigonga kiongozi nyuma mpaka njia ikapanuka, na kuungua kukapungua. Lakini kwa kukigonga vile aliitoa kulabu ya nyuma mahali pake, ikawa haishiki tena reli. Tangu hapo kiongozi kilibanwa mbele tu, na nyuma kilielea. Kila ubao ulipokiegemea ulikisukuma kidogo kidogo, na upana uliokuwa 150 mwanzoni ukawa 152 mwishoni. Alipokibana tena kwa nguvu, kulabu ilishika, kiongozi kikarudi upande wake wa kwanza, na kuungua kukarudi. Hivyo ndivyo kasoro mbili zilivyocheza na mtu mmoja: akiiziba hii, ile inafunguka. Hakuna jambo linalomchosha fundi kuliko hilo, maana kila dawa huonekana kufaa kwa muda wa ubao mmoja, kisha humdanganya.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, ubao uliruka.

Haikuchukua hata muda wa kufumba jicho. Mwanagenzi alikuwa akiusukuma ubao, na bwana wake akiupokea kwa nyuma. Ulilia sauti ya juu isiyo ya kawaida, ukainuka nyuma kama farasi anayerusha teke, kisha ukatoka kwa kasi kuelekea alikotoka, ukapita ubavuni mwa kijana, ukatoboa bati la ukuta wa karakana na kubaki umening'inia. Baina ya ubao ule na mbavu zake palikuwa na nafasi ya shubiri moja. Kijana alizima swichi kwa goti, kama alivyofundishwa, kisha akakaa chini juu ya vumbi la mbao na mikono yake ikatetemeka muda mrefu.

Jambo hilo lina sababu iliyo wazi, na yafaa lielezwe kwa sababu wengi hulidhani ni bahati mbaya. Meno ya mbele ya sahani, yaani yale yanayomwelekea fundi, hushuka chini na kuukandamiza ubao juu ya meza. Meno ya nyuma hupanda juu. Maadamu ubao hauyagusi meno ya nyuma, hayana madhara. Lakini kiongozi kikiusukuma ubao kuyaelekea, au upenyo uliokatwa ukifunga na kuishika sahani, meno hayo huuinua ubao, huupandisha juu ya sahani na kuurusha mbele kwa kasi yao yenyewe. Sahani yenye kipenyo cha milimita 300 inayozunguka mara 2,850 kwa dakika ina meno yanayokwenda mita 45 kwa sekunde, sawa na kilomita 160 kwa saa. Huo ndio mkono unaourusha ubao. Aidha, mkono wa fundi uliokuwa ukisukuma huwa bado unakwenda mbele wakati ubao uliokuwa kinga yake umekwisha kuondoka, na aghalabu ajali ya vidole hutokea katika nukta hiyo. Nchini Marekani, ambako misumeno ya aina hii imejaa hata katika vibanda vya nyumbani, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa imekadiria kwamba watu wapatao 30,000 hutibiwa kila mwaka kwa majeraha yake. Tangu mwaka 2004 imekuwapo sokoni huko misumeno inayosimama papo hapo sahani inapogusa nyama ya mwili. Ni uvumbuzi wa kusifiwa sana. Lakini ubao unaoruka hauzuiliwi na uvumbuzi huo, na bei yake haijakaribia mfuko wa seremala wa Nakuru.

Jioni ile mkewe fundi ndiye aliyemtuma mtoto kumwita mzee mmoja wa jirani, aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika karakana za reli. Mzee alikuja asubuhi iliyofuata na fimbo yake. Baada ya salamu hakuomba spana wala nyundo. Alilitazama tundu la bati, akautazama msumeno, akauliza:

"Mwanangu, ulimi wa msumeno huu uko wapi?"

Ulimi ni kile kipande cha chuma chembamba kinachosimama nyuma ya sahani, ndani ya upenyo uliokwisha kukatwa, ili mbao mbili zisikutane na kuyabana meno ya nyuma. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani tangu siku mashine iliponunuliwa, kwa kuwa mwenyewe wa kwanza aliuona unamsumbua. Mzee aliuelekeza kwa fimbo, ukashushwa.

Kisha akataka umeme ung'olewe, si kuzimwa tu, na plagi iwekwe juu ya meza mahali ambapo kila mtu anaiona. Sahani ikapandishwa mpaka mwisho. Mzee alichagua jino moja akalitia chaki. Akachukua kipande cha mti mgumu kilichorandwa mpaka kikateleza ndani ya mfereji bila ya kucheza, akakaza skrubu moja kwenye ncha yake, akaifungua na kuifunga robo kwa robo mpaka kichwa cha skrubu kikaligusa lile jino lilipokuwa mbele, mguso wa kusikika tu, kama ukucha juu ya karatasi. Kisha sahani ikazungushwa kwa mkono mpaka jino lile lile likafika nyuma, na kipande cha mti kikasukumwa kulifuata. Skrubu haikuligusa jino. Palikuwa na mwanya ambao ukucha wa kidole gumba uliingia bila ya shida.

"Ni jino lile lile," mzee alimweleza kijana, "kwa sababu sahani yaweza kuwa na kombo. Ukipima jino hili mbele na jingine nyuma, utapima kombo la sahani ukadhani ni kombo la meza."

Hapo fundi alielewa kabla ya kuambiwa. Nati nne zinazoshikilia meza zililegezwa, tatu kabisa na moja nusu, na meza ikasukumwa kwa kabari ya mti, si kwa kugongwa, mpaka skrubu ikatoa sauti ile ile mbele na nyuma. Zilipokazwa, meza ilisogea tena. Hili nalo ni la kawaida, na wengi hukata tamaa hapo. Nati zilikazwa upya kwa zamu, kidogo hii, kidogo ile ya pembe ya pili, na kila baada ya mzunguko skrubu ikasikilizwa. Kazi hiyo peke yake ilichukua muda wa saa moja na nusu.

Baada ya hapo tu ndipo kiongozi kilipoguswa, na hata hapo mzee hakukinyoosha kwanza. Aliagiza reli zote mbili zifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa kuwa utomvu wa saipresi ulikuwa umeganda juu yake mpaka ukawa kama lami. Kisha zikasuguliwa kwa mshumaa. Kulabu ya nyuma ikarudishwa mahali pake na nati yake ikakazwa. Kisha kijana aliambiwa akibane na kukifungua kiongozi mara tano, na kila mara apime umbali wake kutoka kwenye mfereji, mbele na nyuma. Vipimo vyote vitano vilikuwa kimoja. Kama vingalitofautiana, alisema mzee, hapana haja ya kukinyoosha, maana kitakuwa kimenyooka kwa mara hiyo moja tu. Chombo kinachokosea kila mara kwa kiasi kile kile hurekebishwa. Kinachokosea ovyo hutafutiwa kwanza kilicholegea.

Kukinyoosha kwenyewe kulikuwa kwepesi. Bolti mbili zinazokiunga na kichwa chake zililegezwa, kiongozi kikalingana na mfereji ambao sasa ulikuwa umelingana na sahani, na karatasi moja ya daftari la mahesabu ikawekwa baina ya mfereji na kiongozi kwa upande wa nyuma, ili nyuma pawe na nafasi zaidi kwa unene wa karatasi hiyo na ubao upate pa kupumulia. Zaidi ya hapo haifai, kwa sababu kiongozi kilichofunguka mno nyuma huuacha ubao ukitangatanga, na ukingo wake hutoka na mikwaruzo. Kisha pembe mraba ikasimamishwa juu ya meza kuhakikisha kwamba kiongozi hakikulala. Alama ya vipimo iliyochorwa kwenye reli ya mbele iliachwa mpaka mwisho: ubao wa majaribio ulipasuliwa, ukapimwa, na mshale wa alama ukasogezwa useme kile ambacho ubao umesema. Wengi huanza na mshale huo. Haustahili heshima hiyo, kwa maana kila sahani yenye unene mwingine inapotiwa, alama hupotea.

Matatizo haya si ya Nakuru peke yake, wala hayakuzuka kwa uzembe wa mafundi. Viongozi vinavyobanwa mbele na nyuma kwa wenzo mmoja viliwaudhi maseremala wa nchi zenye viwanda kwa miaka mingi, kwa sababu ncha moja huwahi kushika kabla ya nyingine, na ile inayochelewa huvutwa upande. Kabla ya muongo wa 1970 kwisha, William Biesemeyer wa mji wa Mesa, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, alibuni kiongozi chenye umbo la herufi T, kinachobanwa kwenye reli ya mbele tu. Kichwa chake ni kipana na kizito kiasi kwamba kikishika, mkia wote hunyooka wenyewe bila ya kuhitaji kulabu ya nyuma. Umbo hilo limeigwa duniani kote, na fundi mwenye nafasi ya kuchagua mashine afadhali alitazame hilo kabla ya kutazama nguvu ya mota.

Lakini wengi hawana nafasi hiyo. Msumeno unaoonekana zaidi mitaani ni ule ulioungwa na mafundi wa vyuma wa hapa hapa: mota, mkanda, beringi mbili, miguu ya chuma cha pembe na meza ya mbao au bati nene. Hauna reli wala mifereji. Kiongozi chake ni ubao ulionyooka unaobanwa kwa jiriwa mbili za mkono, moja mbele na moja nyuma. Mafundi wa mashine za fahari huucheka, na hawana haki ya kuucheka. Mwenye msumeno wa namna hiyo hana mfereji wa kumdanganya. Hulazimika kupima moja kwa moja kutoka kwenye jino lenye chaki, mbele, kisha nyuma, kila anapobadili upana. Akifanya hivyo kwa uaminifu, kazi yake yaweza kushinda ya yule anayeamini mshale. Anachohitaji ni ubao wa mti mgumu uliokauka vizuri, mvule kwa mfano, uliorandwa na kulinganishwa na uzi uliovutwa. Ukingo wake wa chini uchongwe kidogo ili vumbi la mbao lipate pa kukaa, kwa kuwa vumbi likijazana baina ya ubao na kiongozi huusukuma ubao nje, na upana hupotea bila ya mtu kujua sababu.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa Ulaya hulishika na ambalo huku halijaenea. Wapasuapo mbao za miti, kiongozi chao hakifiki mwisho wa meza. Hukirudisha nyuma kuelekea kwao, mpaka ncha yake ikome kidogo tu baada ya meno ya mbele. Kazi ya kiongozi huishia mahali meno yanapokata. Baada ya hapo ubao huwa umekwisha kuamuliwa, na kiongozi kinachoendelea huweza tu kuubana. Mbao kama za mkaratusi, ambazo zina mvutano mkubwa ndani yake na hujikunja pindi zinapopasuliwa, hupata nafasi ya kujikunja bila ya kuegemea meno ya nyuma. Kwa kiongozi cha ubao na jiriwa jambo hili halina gharama yo yote: ni kuchukua ubao mfupi na kuutafutia pa kubana. Kwa kiongozi cha chuma, ubao mfupi hufungwa kwa bolti kwenye uso wake. Plaiwudi, ambayo haijikunji, hufaidika na kiongozi kirefu. Na kwa vipande vifupi vinavyokatwa kwa upande, kiongozi kisitumike kabisa kama kipimo cha urefu, kwa sababu kipande hubaki kimefungiwa baina yake na sahani, na hakina njia ila kurushwa. Kigingi kinachobanwa kwenye kiongozi, mbele kabisa kabla ya meno, hutosha kupimia. Kipande kikifika kwenye meno huwa kimekwisha kukiacha.

Mzee alikula chakula cha mchana pale pale, akakataa malipo, akapokea ubao mfupi wa mvule kwa ajili ya mguu wa kiti chake. Alipoondoka, fundi alichukua mbao kumi na moja zilizoharibika akazipasua upya, akapata kutoka kwazo vidato vya ngazi za vitanda, ambavyo angelazimika kuvinunulia mbao nyingine. Mbavu saba tu ndizo zilizonunuliwa kwa mkopo. Vitanda vilitoka siku nne baada ya siku iliyoahidiwa, na mteja, ambaye wageni wake walikuwa wamelala chini, alikata kiasi fulani cha fedha. Mkewe fundi aliandika kiasi hicho katika safu yake yenyewe, peke yake, akaipigia mstari.

Mwanagenzi hakuugusa msumeno kwa siku mbili. Siku ya tatu aliurudia mwenyewe, bila ya kuitwa, akiwa na kipande cha mti chenye skrubu mkononi na kijiti cha kusukumia kwapani. Tangu wakati huo hupima kila asubuhi kabla ya umeme kuchomekwa, jino la chaki mbele, jino la chaki nyuma, na kuandika kwa penseli juu ya ukuta, karibu na lile tundu la bati ambalo bwana wake amekataa lizibwe. Ulimi umo mahali pake nyuma ya sahani. Kwenye ule msumari uliokuwa umeutundika imewekwa nyundo ya mti.